Nyumba ya kupangisha Dar: matengenezo na usalama ulio juu ya mwenye nyumba

Chumba kinapopangishwa Dar es Salaam, mazungumzo huwa mawili tu: kodi ni shilingi ngapi, na inalipwa ya miezi mingapi. Dalali anachukua yake ya mwezi mmoja, funguo zinatolewa, na suala la nani atatengeneza nini linasubiri siku choo kitakapoziba. Siku hiyo kila mtu ana sheria yake kichwani. Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba, awe na vyumba sita vya korido Manzese au apatimenti nne Mbezi, lakini mpangaji akiusoma atajua pia adai nini.

Sheria yenyewe imeshasema, hata kama mkataba wenu umekaa kimya. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 88, inamwekea mpangishaji masharti yanayohesabiwa kuwemo kwenye mkataba hata kama hayakuandikwa. Anayepangisha sehemu tu ya jengo anabaki na paa, kuta za nje na kuta kuu, njia kuu za maji taka, na maeneo na mitambo ya pamoja kama korido, ngazi na pampu. Nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku anapoingia mpangaji, na kiendelee kufaa muda wote wa mkataba. Maneno "amepanga kama ilivyo" yakiandikwa chini ya karatasi hayageuzi chumba kinachovuja kuwa chumba kinachofaa.

Kifungu kinachofuata, cha 89, ni cha mpangaji: alipe kodi, atunze nyumba kulingana na hali aliyoikuta, airudishe katika hali hiyo, na amruhusu mwenye nyumba kuja kukagua kwa wakati muafaka. Haguswi na uchakavu wa kawaida, wala na moto au mafuriko ambayo hakuyasababisha yeye.

Ukitafsiri hayo kwa lugha ya uwani, kilichokuwemo kabla mpangaji hajaja na kikachakaa kwa matumizi ya kawaida ni cha mwenye nyumba; kilichovunjwa kwa uzembe ni cha aliyekivunja. Balbu ni ya mpangaji, holda na waya ni vya mwenye nyumba. Kioo kilichopigwa na mpira wa mtoto ni cha mpangaji, bawaba iliyoliwa na kutu ni ya mwenye nyumba. Koki zinaleta ubishi sana mjini hapa kwa sababu nyumba nyingi zinatumia maji ya kisima yenye chumvi, na chumvi inakula koki ya bei rahisi kwa mwaka mmoja au miwili. Mpangaji hakuchimba kisima hicho. Koki ni yako.

Kabla hujatoa funguo

Tenga saa moja, mchana, mpangaji akiwepo. Fungua koki zote kwa pamoja uone kama maji yanapungua nguvu. Vuta choo mara tatu mfululizo: tatizo la chemba halionekani mara ya kwanza, linaonekana mara ya tatu maji yanapopanda badala ya kushuka. Washa kila taa, chomeka chaja ya simu kwenye kila soketi. Fungua na funga kila dirisha na kila mlango. Angalia silingi, hasa pembeni na juu ya madirisha, kama kuna alama za kahawia za maji ya zamani.

Piga picha au video ukisema tarehe, kisha mwandike karatasi ya makabidhiano ya chumba kwa chumba, nakala mbili, saini mbili. Andika namba ya mita ya LUKU, yuniti zilizobaki, usomaji wa mita ya maji, na idadi ya funguo. Alama ya ufa ikiandikwa leo haitagombaniwa mwakani. Halafu badilisha silinda ya kitasa cha mlango wa mbele. Mpangaji aliyetoka alichonga funguo ngapi hujui, na mwizi wa ndani huanzia hapo.

Umeme

Anza na umeme, kwa sababu ndio unaoua haraka. Kazi ya nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na umwombe akuoneshe leseni hiyo kabla hajashika bisibisi. Mafundi wasio na leseni wapo wanaojua kazi, lakini nyumba ikiungua hakuna atakayesimama kujibu zaidi yako.

Fungua boksi la breka. Kila breka lazima iendane na unene wa waya inaoulinda. Nyaya za taa ni mm² 1.5 na breka ya ampea 6 au 10. Soketi ni mm² 2.5 na breka ya 16 au 20. Kama fundi amezungusha waya ukatoka kwenye breka na kurudi kwenye breka ileile, hapo 32 inakubalika. Shawa ya maji moto ya kilowati 5.5 inavuta karibu ampea 24 kwenye volti 230, kwa hiyo inataka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi, mm² 6, na breka ya 32. Shawa iliyoungwa kwenye waya wa soketi ya chumbani ni moto unaosubiri siku yake. Kiyoyozi na jiko la umeme navyo kila kimoja kiwe na njia yake.

Kuna kosa moja linalorudiwa kila mtaa. Breka inakatika kila jioni mpangaji akichomeka pasi na jagi la umeme kwa pamoja. Anaitwa fundi, anatoa breka ya 20, anaweka ya 32, analipwa, anaondoka. Breka haikatiki tena na kila mtu amefurahi. Lakini breka ile ilikuwa inasema kwamba waya umezidiwa. Sasa waya hauna wa kuusemea, na joto linakaa ndani ya bomba la ukutani usipoliona. Ganda la plastiki linalainika, nyaya mbili zinagusana, na moto unaanzia juu ya silingi watu wamelala. Breka ikikatika mara kwa mara, ama punguza vinavyochomekwa pamoja, ama ongeza njia nyingine ya soketi kutoka kwenye boksi. Breka kubwa kwenye waya mwembamba usiiruhusu kamwe.

Zitazame soketi kwa karibu, moja moja. Duara la kahawia kuzunguka tundu, plagi inayoingia kilegevu, au harufu ya plastiki iliyoungua au ya samaki pasipo na samaki, vyote vinatokana na kitu kimoja: skrubu ya ndani imelegea, mguso umekuwa mdogo, joto limepanda. Kubadilisha uso wa soketi tu hakutoshi. Zima mein swichi, chomoa soketi, kata ncha ya waya iliyogeuka nyeusi mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, funga soketi mpya na ukaze skrubu barabara. Waya ukiwa mfupi kwa kukatwa mara nyingi, uvutwe mpya. Usiungwe kwa tepu ndani ya ukuta.

Mpangaji akikuambia "napigwa shoti kidogo nikigusa koki au mlango wa friji", acha kila kitu uende siku hiyohiyo. Ina maana umeme unavuja na ethi, yaani waya wa kuupeleka umeme huo ardhini, haifanyi kazi. Rodi ya ethi iko ardhini nje ya nyumba, na waya wake wa shaba ukiachwa wazi huibwa. Mara nyingine waya upo lakini klipu imeliwa na kutu. Ardhi ya mchanga kama ya maeneo mengi ya Dar hukauka kiangazi na ethi inadhoofika, hivyo fundi aipime kwa kifaa wakati wa ukavu, Februari kwa mfano. Akipima Aprili mvua ikiwa imelowesha ardhi atapata jibu zuri la uongo.

Juu ya ethi weka kikata umeme cha mvujo cha miliampea 30 kwenye boksi. Ndicho kinachozima umeme kabla moyo wa mtu haujasimama. Kina kitufe kimeandikwa T: kibonyeze kila baada ya miezi mitatu, umeme uzime papo hapo. Kisipozima, kimekufa, nunua kingine.

Nyumba yenye LUKU moja kwa vyumba vingi, funga mita ndogo kila chumba. Ugomvi wa kuchanga kwa kichwa unazaa hatari: mtu anayeona anaonewa ndiye anayevuta waya wa wizi kupitia juu ya silingi.

Paa

Masika ni Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Desemba. Ukaguzi wa paa basi ni Februari na Septemba, kazi ifanyike bati likiwa kavu. Fundi anayepandishwa Aprili kati ya mvua mbili anateleza, anakanyaga bati katikati ya mbao na kulibonyeza, na anaacha tundu jipya mahali pa la zamani.

Maji yanapodondokea ndani sipo yanapoingilia. Yanaingia kwenye tundu la msumari, yanakimbia chini ya papi, mbao zinazobeba bati, hata mita mbili tatu, yanaangukia silingi mahali pengine kabisa. Ndiyo maana watu wanaziba palepale juu ya doa na doa linarudi. Ingia juu ya silingi saa sita mchana, kaa dakika tano gizani macho yazoee, utaona vitundu vya mwanga kama nyota. Viwekee alama ya chaki. Usipoona mwanga, mtu mmoja abaki ndani na mwingine apeleke mpira wa maji juu: aanze chini kabisa ya paa, amwagie sehemu moja dakika tano mpaka kumi, ndipo apande kidogo. Ukianza kileleni maji yatashuka kote na hutajua kilichovuja ni kipi.

Sababu kubwa ni misumari. Bati linapanuka kwa jua la mchana na kusinyaa usiku, kila siku, na msumari unajivuta taratibu mpaka kofia yake haishiki. Kuugonga tena ni kazi ya miezi michache. Ung'oe, weka skrubu ya bati yenye mpira, nene kuliko tundu la zamani, na ipite kwenye mgongo wa bati, siyo kwenye bonde ambako maji yanapita. Skrubu ikikazwa kupita kiasi mpira unapasuka, ikilegea maji yanapita. Mpira ubonyee kidogo tu kuzunguka kofia. Lami ya kupaka inapasuka kwa jua ndani ya msimu mmoja, itumike kuvuka wiki, isihesabiwe kuwa tengenezo.

Bati lenyewe likiwa limetoboka kwa kutu, na nyumba za karibu na bahari, Kigamboni, Msasani, Kunduchi, hufika huko mapema, badilisha karatasi nzima. Usinunue geji 30 kwa upepo wa chumvi. Geji 28 ni nene zaidi na inalipa. Ukilitoa bati, gonga papi kwa mpini wa nyundo. Ikitoa sauti ya utupu au ikidondosha udongo, mchwa wameshapita, na skrubu mpya haitakuwa na pa kushika. Safisha na gata: majani ya mwembe yakiziba, maji yanarudi nyuma chini ya bati na kulowesha ukuta.

Choo na maji taka

Choo kikirudisha maji, usianze kwa kumlaumu mpangaji kwa pedi na nguo. Fungua kwanza chemba ya karibu na nyumba. Ikiwa kavu na choo kimejaa, mzibo uko kati ya choo na chemba, na fimbo za kuzibulia zinatosha. Ikiwa imejaa, fungua inayofuata, na inayofuata, mpaka ukute kavu. Mzibo uko kati ya iliyojaa ya mwisho na kavu ya kwanza. Zote zikijaa mpaka kwenye shimo, shimo limejaa au halinyonyi tena, na gari la kunyonya ndilo la kuitwa.

Bomba linaloziba palepale kila miezi miwili lina kasoro ya mteremko. Bomba la inchi 4 litelemke kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Likilala, uchafu unakaa, na hakuna dawa wala fimbo itakayobadilisha hilo. Fukua, pima kwa kamba na pima maji, laza upya.

Shimo linalojaa masika tu na kukaa vizuri kiangazi linapokea maji ya ardhini. Kulinyonya kila wiki ni kutupa fedha, kwani linajazwa na ardhi yenyewe. Zuia maji ya mvua ya gata na ya uwani yasielekee huko, na ukijenga upya uchague kujenga juu zaidi ya kina cha maji. Kisima cha kuchota kiwe mbali na shimo angalau mita 30. Dar imeshapata kipindupindu zaidi ya mara moja, na maji ya kisima cha uwani kilichobanana na shimo ni njia fupi ya ugonjwa huo.

Mtu yeyote asishuke ndani ya shimo au chemba, hata lililonyonywa, hata akisema ameshafanya hivyo mara mia. Hewa iliyomo inamwangusha mtu kwa pumzi mbili tatu, na anayeshuka kumwokoa anamfuata. Mfuniko uwe wa zege lenye nondo, mzito kiasi cha kutoinuliwa na mtoto. Mfuniko uliopasuka hungoji fundi wa kesho: weka ubao mpana na matofali leo, zungushia, kisha umimine mwingine.

Maji ya kutumia

Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, bila kuhesabu tangi lenyewe. Mnara wa vyuma uliochomelewa kwa tangi moja usiongezewe la pili. Kagua miguu yake kila mwaka pale inapogusa zege, kwa sababu maji yanatuama hapo na kutu inaanzia chini. Gonga kwa nyundo ndogo, maganda yakidondoka mnara huo ushushwe tangi.

Safisha tangi kila miezi sita. Toa maji, sugua tope la chini kwa brashi, suuza. Kisha jaza na utie jiki ya asilimia 3.5, lita moja na nusu kwa tangi la lita 1,000, fungua kila koki ndani ya nyumba mpaka unuse harufu yake, funga, acha usiku kucha. Asubuhi mwaga yote na ujaze upya. Waambie wapangaji siku moja kabla, wasije wakayanywa wala kuyapikia.

Tangi na ndoo zisizofunikwa ni mazalio ya mbu wa dengi, ambayo ilisumbua jiji hili 2014 na tena 2019. Mfuniko wa tangi na nyavu za madirisha ni matengenezo ya mwenye nyumba kama yalivyo mengine.

Kuta, ngazi na grili

Nyufa nyembamba za lipu hazina neno. Ufa unaokatiza mshazari kutoka kona ya dirisha, au unaopitisha ncha ya kalamu, ufuatilie: chora mstari wa penseli kuukatiza katika sehemu tatu, andika tarehe na upana, pima tena baada ya mwezi. Ukiendelea kupanuka, msingi unacheza, na kuuziba kwa saruji ni kujificha. Ukuta wa uzio ulioinama ni wa kuvunjwa kabla ya masika. Maji yakikusanyika nyuma yake unaanguka kwa mara moja, na upande wa pili kunapita watoto wa shule.

Rangi inayobanduka chini ya ukuta na kuacha unga mweupe ni unyevu wa ardhini unaopanda na chumvi yake. Ukipaka rangi ya mafuta juu, unaufungia ndani na utapanda juu zaidi. Toa lipu iliyooza, acha ukuta upumue na ukauke, rekebisha maji yanayosimama nje kando ya msingi, ndipo upige lipu mpya.

Roshani na ngazi ziwe na kizuizi cha mita 1.1 kwenda juu, nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 10 ili kichwa cha mtoto kisipite. Taa ya ngazi na korido ni ya mwenye nyumba, na umeme wake pia, isipokuwa mmekubaliana vingine kwa maandishi.

Moto

Grili za madirisha zinamzuia mwizi na zinamfungia mtu ndani ya moto. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo grili yake inafunguka kwa ndani, kwa bawaba, na ufunguo unaning'inia karibu, mahali mkono wa nje haufiki. Mchomeleaji anaifanya kazi hii kwa siku moja. Kati ya yote yaliyoandikwa hapa, kama fedha ni ya kufanyia jambo moja tu mwezi huu, fanya hili.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inakaa sakafuni. Jiko liwe na tundu la hewa chini ya ukuta pamoja na lile la juu. Mwoneshe mpangaji namna ya kupima mpira na regulata kwa povu la sabuni: povu likichezacheza, gesi inatoka. Mpira uliopasukapasuka unabadilishwa, haufungwi kwa tepu. Nyumba ya korido isiyo na jiko, mtengenezee mpangaji banda la kupikia uwani lenye paa, kwa sababu asipokuwa nalo siku ya mvua ataliingiza jiko la mkaa chumbani. Hewa ya mkaa haina harufu, na mtu analala asiamke.

Jengo lenye apatimenti liwe na kizimamoto cha unga cha kilo 6 kila ghorofa, kwenye ukuta wa njia ya kutokea, mshale wake ukiwa kwenye kijani, na kikaguliwe kila mwaka. Namba ya Zimamoto, 114, iandikwe kwa rangi pale ukutani.

Taarifa, muda na fedha

Matatizo mengi yanakua kwa sababu taarifa ilitolewa kwa mdomo getini na kusahaulika. Kubalianeni kwamba taarifa ni ya maandishi, hata ya WhatsApp. Ujumbe wa simu unatambulika kisheria tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Inatosha namna hii:

"Shikamoo mama. Ni mimi wa chumba cha tatu. Tangu juzi usiku silingi ya sebuleni inadondosha maji upande wa dirisha, picha hizi hapa. Ndoo imejaa mara mbili. Naomba fundi aje, mimi nipo nyumbani Jumamosi mchana."

Na jibu lenye siku ndani yake:

"Marahaba mwanangu. Pole. Fundi wa paa anakuja Jumamosi saa tano, nitakuwa naye. Hamisha kitanda upande wa pili kwanza, na taa ya sebuleni usiiwashe mpaka akague."

Kwenye mkataba andikeni muda. Tunapendekeza: shoti, moto, gesi, mfuniko uliovunjika na mlango usiofungika, ndani ya saa 24; choo na maji, siku tatu; paa linalovuja, siku saba; mengine, siku 14. Unapokwenda kukagua, toa taarifa siku moja kabla. Nyumba ni yako lakini makazi ni yake, na Sheria ya Ardhi inamhakikishia akae kwa utulivu. Kukata maji au umeme ili kumshinikiza alipe kodi kunavunja haki hiyo, na kunakuondolea nguvu hata pale deni lilipo la kweli.

Mpangaji akitaka kutengeneza mwenyewe na kukata kwenye kodi, makubaliano yaandikwe kabla fundi hajaja: kazi gani, bei ya vifaa, bei ya ufundi, mwezi gani utakatwa. Risiti zibaki kwako. Nyumba ikiharibiwa na moto au mafuriko ambayo hayakutokana na uzembe wa mpangaji, kodi inasimama, yote au sehemu, mpaka itengenezwe. Miezi sita ikipita bila kutengenezwa anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Aliyelipa mwaka mzima mbele arudishiwe iliyobaki. Nyumba iliyo kwenye mkondo wa maji wa bonde la Msimbazi, ambayo inajaa kila masika, hakuna tengenezo litakaloifanya ifae, na haistahili kupangishwa.

Jambo dogo linalosahaulika: tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi tangu 2023. Anayenunua umeme ndiye anayeilipa, lakini deni ni la mwenye nyumba. Mrudishie mpangaji au mpunguzie kwenye kodi ya pango. Ni shilingi 18,000 kwa mwaka, na heshima inayonunuliwa kwa fedha hiyo ni kubwa.

Kwa matengenezo yote haya, tenga kodi ya mwezi mmoja kila mwaka kwa kila chumba. Chumba na sebule cha 150,000 kinaweka 150,000, kwenye akaunti yake mwenyewe, isiyochanganywa na ada za shule.

Mkishindwa kuelewana, mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa husuluhisha mengi bila gharama. Hatua ya kisheria inaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu na halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nenda na mkataba, karatasi ya makabidhiano, picha zenye tarehe, ujumbe wa simu uliochapishwa, na risiti za mafundi. Kama ulizipoteza, anza na fundi: mwombe akuandikie upya kazi aliyofanya, siku aliyofanya na vifaa alivyotumia, kisha aweke saini yake.